Kitabu cha Tatu, Mstari wa Tisa

Kinoru, Meru
6 Mei 2024

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Usishtuke kuona mwandiko wangu juu ya bahasha. Ni mimi Virginia, niko mzima, na bado nafanya ile kazi yangu ya kuandikia kompyuta maagizo.

Baba mdogo Mbogo alinipigia wiki jana. Alisema wazee wa ukoo wanataka majina yote yatoke kwenye vitabu vyako yaingie kwa kompyuta, halafu orodha ichapishwe na isomwe mbele ya watu mwezi wa nane. Ati kuna fundi wa Embu mjini alikuwa anaitaka hiyo kazi. Nikamwambia asimpe mtu, nitaifanya mimi, na sidai hata asante. Alisema pia kwamba masikio yako yamekwisha kabisa tangu mwaka jana, kwamba simu ikilia siku hizi unaitazama tu mpaka inyamaze. Ndiyo maana nimenunua karatasi.

Kabla ya kazi niseme jambo moja, halafu tuendelee. Hatujaongea miaka mitano. Mara ya mwisho nilikupigia mwenyewe asubuhi, nikiwa nimesimama nje ya wodi, kukuambia kwamba Mukami wangu ameaga. Alikuwa na miezi kumi na mmoja. Ukasema, "Sawa, sawa." Ukakata simu. Tulimzika hapa Meru, mimi na wanawake wanne wa ploti ninakopanga, na wewe hukuja. Sikuandikii ili tugombane, Baba. Nimetaja tu, usije ukadhani nimesahau.

Sasa kazi. Vitabu usivitume huku, vinaweza kupotea njiani. Mpelekee Winrose wa duka la kuchapa hapo Siakago, kitabu kimoja kimoja, achape mstari kwa mstari vile ulivyoandika, asiongeze wala asipunguze. Atanitumia kwa barua pepe. Barua zako pia mpe yeye, ataziweka kwa gari la mizigo.

Unakula vizuri?

Ni mimi binti yako,
Virginia


Siakago
15 Mei 2024

Mwanangu Virginia,

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Winrose. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mwandiko wako bado unalala chali. Miaka yote ile niliyokuwa karani wa chifu ulikuwa ukikaa chini ya meza yangu ukiniona naandika, na hukuchukua hata herufi moja!

Vitabu ni vinne. Cha kwanza kilianzishwa na marehemu baba yangu, na mchwa wamekula kona zote za chini. Nilikinakili ndani ya cha pili. Cha pili nacho kikaanza kuliwa, nikanakili baadhi ya kurasa ndani ya cha tatu. Kwa hiyo utakuta mtu mmoja ameandikwa mara mbili, hata mara tatu. Usinilaumu mimi, laumu mchwa.

Lakini kuna jambo ambalo huyo fundi wa Embu hangelijua, na wewe unalijua, ila nakukumbusha. Kwetu jina halizikwi. Kijana anamrudisha babu yake, msichana anamrudisha nyanya yake. Utamkuta Kithaka na Kithaka ndani ya nyumba moja, na si mtu mmoja. Fungua macho. Miaka haitakusaidia sana, maana wazee wengi waliandikwa tu "mwaka wa nzige" au "mwaka wa njaa", na mimi sikuwa na ruhusa ya kukisia. Safu ya mama pia iko tupu kwa wengi.

Winrose ameanza. Ni mwanamke wa kazi safi, anachapa huku ananiuliza kwa kuniandikia kwenye karatasi. Tunaelewana kuliko watu wenye masikio.

Nakula. Mwaka huu kunde zimefanya vizuri, ndengu zimefanya hivi hivi. Mbuzi ni saba. Redio naiwasha asubuhi na kuizima jioni, si kwa ajili yangu, ni ili mtu akipita barabarani ajue hapa kuna mwenyewe.

Hayo mengine uliyoandika, nimeyasoma.

Baba yako,
Njoka


Kinoru, Meru
2 Juni 2024

Mpendwa Baba,

Aki umenichekesha na hiyo redio. Halafu nikaacha kucheka. Hata mimi huwasha televisheni nikitoka kazini, naiacha iongee, naenda jikoni. Jirani wa kushoto alihama mwezi wa tatu na nyumba yake haijapata mtu. Nikikohoa hapa, ukuta ndio unajibu.

Winrose amenitumia kitabu cha kwanza na cha pili. Nimwambie nini huyo mama, anachapa vizuri ajabu. Sasa ngoja nikueleze ninavyofanya, maana najua hutalala mpaka ujue watu wako wanapitishwa wapi.

Kwa kompyuta kila nyumba ina namba. Nyumba yetu ni 114. Lakini kitabu hakisemi 114, kinasema "nyumba ya Njoka", na Winrose anachapa kama kitabu. Mistari iko zaidi ya elfu mbili, siwezi kukaa nikitafuta namba moja moja na kuandika amri moja moja. Kwa hiyo nimeandika programu inayosoma kila mstari na kuutungia amri yake yenyewe. Ndani ya amri kubwa ya kumwingiza mtu, inapachika swali dogo. Kwa Kiswahili ni kama hivi:

INGIZA kwa WATU: jina ni Mbogo, nyumba ni [TAFUTA namba ya nyumba ambayo mwenyewe ni Kithaka].

Mashine inaanza na hilo swali la ndani, inaenda, inarudi na namba, ndipo inaandika. Mstari ukibadilika, swali nalo linabadilika. Mimi sigusi kitu. Naangalia tu amri zikijitunga, na nakuambia inapendeza sana kuona.

Na kwa sababu ya mchwa wako, nimeongeza swali la pili ndani ya kila amri: [TAFUTA kama kuna mtu wa jina hilo ndani ya nyumba hiyo]. Akipatikana, amri inapita bila kuandika. Hivyo hakuna mtu atakayeingia mara mbili. Umeona? Nimemaliza kazi ya miaka yako arobaini ya kunakili kwa mstari mmoja.

Baba, nina swali na sitaki ulipite kama ulivyopita yale mengine. Je, kila anayezaliwa huandikwa? Hata aliyekaa kidogo? Nauliza kwa sababu nilipokuja nyumbani na tumbo, ulisema mbele ya shangazi na watu wote, "Huyo ataandikwa kwa baba yake. Kitabu hiki si cha watoto wa njiani." Na baba yake, unajua, hakuonekana tena. Hospitali walimwandika kwa cheti wakanipa. Kwa kaburi niliweka msalaba wa mbao, mvua ya mwaka juzi ikaulaza, na sasa hata mimi nikienda natafuta kwa kuhesabu hatua kutoka kwa lango. Cheti hicho kimoja, Baba, ndicho kinachosema kwamba alikuwepo. Mwezi wa nane wataitwa watu wote wa ukoo, nyumba kwa nyumba. Nataka kujua kama ataitwa. Hilo tu.

Binti yako,
Virginia


Siakago
11 Juni 2024

Mwanangu Virginia,

Nimesoma maelezo yako mara tatu na nimeyapenda. Hilo swali dogo ndani ya amri kubwa si geni kwangu. Chifu alikuwa akisema, "Karani, mwandike huyu," nami namwambia, ngoja kwanza nimtume mtu aulize ni wa nyumba gani. Wa kutumwa alikuwa Gedion, yule wa mguu mmoja mfupi. Ukimuuliza Gedion, "Yuko mtu anaitwa Mugendi kule?" anaenda, anarudi, anasema yuko, anakunywa chai. Haulizwi ni Mugendi yupi, naye hasemi. Mtu wa kutumwa hujibu ulichomuuliza tu. Uangalie unauliza nini.

Winrose amemaliza kitabu cha tatu leo. Cha nne kina kurasa chache, atakimaliza wiki hii.

Wazee wamepanga siku: Jumamosi tarehe ishirini na nne mwezi wa nane, ukumbi wa kanisa. Wameniambia nisome mimi. Nimewaambia nitasoma.

Umeniuliza sheria ya kitabu. Sheria ni moja, ya baba yangu na yangu: aliyepewa jina ameandikwa. Haijalishi alikaa siku ngapi. Hayo mengine utayaona kitabuni, maana sasa unacho mkononi. Mimi si mtu wa maneno mengi.

Huku jua ni kali. Mbuzi mmoja amezaa.

Baba yako,
Njoka


Kinoru, Meru
4 Julai 2024

Baba,

Kazi imekwisha. Mistari 2,316. Watu walioingia 2,109. Waliorudiwa na kupitwa 207. Unaweza kuwaambia wazee.

Nilipopata vile vitabu viwili vya mwisho sikuvifungua kusoma. Nilipeleka moja kwa moja kwa programu. Nilikuwa naogopa, nikuambie ukweli. Niliogopa kupitisha macho ukurasa baada ya ukurasa nikitafuta jina moja. Nikasema acha mashine itafute, mimi nitauliza tu. Nilingoja mpaka wenzangu watoke ofisini waende chakula cha mchana, ndipo nikauliza: nani wako ndani ya nyumba ya Njoka?

Ikaniletea watu wanne. Njoka. Mukami mke wake, yaani marehemu Mama. Mutembei ndugu yangu, ambaye yuko Qatar na hata hajui mbuzi ni wangapi. Virginia. Basi.

Nikauliza tena kwa njia nyingine: nani ambaye mama yake ni Virginia wa nyumba hiyo? Sifuri.

Nikauliza mara ya tatu. Unajua mtu anavyopapasa mfuko huo huo akitafuta ufunguo. Sifuri.

Kwa hiyo nimepata jibu langu. Ulisema utamwacha aandikwe kwa baba yake na umetimiza neno lako, nakupa heshima kwa hilo. Lakini mbona uniandikie "aliyepewa jina ameandikwa"? Ni nani alikulazimisha uniambie hivyo? Nilimpa jina, Baba. Nilimpa jina la mke wako! Kwa sababu sikuwa na mama mkwe wa kumpa heshima ya jina, nikarudi kwenu, nikamrudisha Mama. Nilidhani ukisikia jina hilo litakulainisha. Alikuwa na masikio ya Mama, yale yaliyotoka nje kidogo. Alikuwa anacheka akiona mwavuli. Hujui hayo kwa sababu hukuja kuona.

Miezi miwili nimekaa hapa Kinoru nikiwaingiza watu wa mwaka wa nzige, watu ambao hakuna aliye hai anayekumbuka sura zao, na kila mmoja ana namba. Wangu hana.

Nitachapisha orodha nikutumie. Baada ya hapo usisumbuke kuniandikia.

Virginia


Kinoru, Meru
20 Julai 2024

Baba,

Orodha hii hapa, kurasa hamsini na tatu, nimezifunga kwa uzi. Herufi nimezifanya kubwa kwa sababu ya macho yako. Nimempa mwenye ofisi ya mizigo mkononi.

Nilisema usiniandikie. Lakini kila siku nikitoka kazini napitia pale ofisi ya mizigo, na yule mwanamke ameshanizoea, ananiona kwa mbali anatikisa kichwa. Nimeona nikuambie hilo pia.

Virginia


Siakago
29 Julai 2024

Virginia,

Orodha imefika. Nimeisoma yote.

Fungua alichokutumia Winrose. Kitabu cha tatu, ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa tisa. Usiulize mashine. Soma mwenyewe.

Njoka


Kinoru, Meru
2 Agosti 2024

Baba yangu mpendwa,

Niliisoma barua yako nimesimama pale pale ofisi ya mizigo. Nilirudi ofisini kwetu na mkoba begani, nikafungua kompyuta kabla ya kuketi. Ukurasa wa arobaini na moja. Nikahesabu mistari kwa kidole kwenye kioo.

"Mukami. Nyumba ya Njoka. Mama: Virginia. Amezaliwa 14 Septemba 2018. Ametutoka 20 Agosti 2019. Amezikwa Meru."

Nililia, Baba. Mlinzi alikuja kuuliza kama nimefiwa, nikamwambia ndiyo, akaniuliza lini, nikamwambia miaka mitano. Akaniletea maji.

Sasa nikuambie kilichofanyika, na sitajificha nyuma ya mashine, maana mashine ilifanya nilichoiagiza. Programu ilifika kwa mstari huo. Ikatunga amri yake. Swali la kwanza: nyumba ya Njoka ni namba gani? Ikarudi na 114, sawa kabisa. Swali la pili, lile nililolitia mimi na nikajisifu kwako kwa kalamu: je, kuna mtu wa jina hilo ndani ya nyumba hiyo? Ikaenda, ikamkuta Mama. Mukami, nyumba 114. Yuko. Basi ikapita. Haikuandika, haikulalamika, haikuniambia neno. Ilimhesabu mtoto wangu kati ya wale 207 wa mchwa.

Gedion alienda, akarudi, akasema yuko, akanywa chai. Na uliniambia! Uliniambia kwenye barua yako ya kwanza, Kithaka na Kithaka ndani ya nyumba moja. Nimezaliwa hapo, nimempa mtoto jina kwa desturi hiyo hiyo, halafu nikaketi nikaandika sheria ya kumfuta kila anayerudisha jina. Fundi wa Embu angesamehewa. Mimi ni wa nyumbani.

Nimewapitia wote 207 kwa macho yangu, siku mbili. Wengi kweli ni wa mchwa. Lakini 38 walikuwa watu. Wote ni wajukuu waliobeba majina ya babu na nyanya zao nyumba ile ile, na wote mama zao waliwazalia nyumbani bila kuolewa. Kithaka mdogo yumo, na Mugendi wa yule shangazi wa Kiritiri. Ningewapeleka ukumbini mama zao wakae wasikilize mpaka mwisho wasisikie kitu, kama nilivyokaa mimi mwezi mzima. Nimebadilisha swali. Sasa linauliza jina, nyumba, na mama pia, na pale mama hajaandikwa, amri inasimama inaningoja mimi nitazame. Inachelewesha, lakini wacha ichelewe. Orodha mpya iko ndani ya bahasha hii. Ile ya kwanza iwashie moto wa chai.

Nisamehe kwa barua ya tarehe nne. Maneno yakishatoka hayarudi, najua, lakini nisamehe.

Kuna kitu bado sielewi. Ulimwandika kwa nyumba yako, si kwa watu wa njiani. Uliandika siku aliyozaliwa na siku aliyoaga, barabara, na mimi sikukuambia siku yoyote ya hizo kwa karatasi. Ulikuwa naye kitabuni miaka hii yote. Basi ile siku ya simu, Baba, mbona ulisema "sawa, sawa"?

Binti yako,
Virginia


Siakago
12 Agosti 2024

Mwanangu Virginia,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimezichana. Winrose anashangaa karatasi zinakoenda.

Umeuliza, na safari hii nitajibu. Mbogo alikuambia masikio yangu yalikwisha mwaka jana. Mwaka jana ndipo watu walipojua. Mimi nilijua tangu mwaka wa 2017. Yalianza kwenda taratibu, kwanza ndege, halafu kengele ya kanisa, halafu watu. Nilikuwa karani miaka thelathini, mtu ambaye kila mmoja alikuja kumwambia jambo. Sikutaka wajue. Nikajifunza kutazama midomo. Kwa simu, ambako hakuna midomo, nilijifunza kusema "sawa, sawa" kwa kila mtu na kukata. Mwenye kuuza mbolea, sawa, sawa. Padri, sawa, sawa.

Wewe ulipopiga asubuhi ile niliona jina lako kwenye simu na moyo wangu uliruka, kwa sababu ulikuwa umenyamaza tangu nilipokutukana mbele ya shangazi yako. Nikaweka sikioni. Sikusikia neno hata moja. Nilidhani unanisalimu. Nikasema kile nilichokuwa nikisema. Nilikata nikiwa na furaha, Virginia. Siku hiyo nilimchinjia Mbogo kuku.

Siku ya tatu Mbogo akaja akaniandikia kwa kijiti mchangani kwamba mtoto ameaga, kwa sababu alikuwa ameshaanza kunishuku. Nilipanda gari mpaka Meru. Nilifika makaburini mlikuwa mmemaliza jana yake, udongo ukiwa bado mbichi. Nikasimama hapo. Ningekuja kwako Kinoru, lakini ningekuambia nini? Ningekuambia kwamba sikusikia, na ungeuliza kwa nini sikusema mapema, na ungejua. Mtu kama mimi, nikaona heri niitwe mkali kuliko kuitwa kiziwi. Nikarudi nyumbani. Makosa ni yangu, si ya masikio.

Jina lake nilikuwa nimeshaliandika, siku Mbogo aliponiletea habari kwamba umejifungua. Sikumwambia mtu. Yale niliyosema mbele ya shangazi yako yalikuwa maneno ya mdomo. Kitabu ni kitabu. Mtoto ambaye upande wa baba yake haukumchukua ni wa kwetu, na nilipoona umemwita Mukami, niliweka kalamu chini kidogo kabla ya kuandika. Nilidhani siku moja utakuja ukifunue mwenyewe, uone, na mimi nisilazimike kusema kitu. Uliponiambia utaingiza vitabu kwa kompyuta nilifurahi, nikasema sasa ataona. Nilingoja barua yako ya mwezi wa saba kuliko nilivyongoja mvua. Ilipokuja vile ilivyokuja, nilikaa nayo wiki tatu. Nilidhani umemwona, ila kwa hasira unasema hayupo. Ndipo orodha ikafika, nikatafuta nyumba yetu, nikaona tuko wanne.

Orodha mpya nimeitazama. Tuko watano. Nimeiweka ndani ya Biblia.

Sasa nina ombi. Jumamosi tarehe ishirini na nne nitasoma mbele ya watu, nami siisikii sauti yangu mwenyewe. Mbogo anasema nikisoma siku hizi wakati mwingine napiga kelele na wakati mwingine nanong'ona, na majina mengine nayameza. Watu wananionea haya kunisahihisha. Njoo Ijumaa, ulale nyumbani, kitanda chako bado kipo. Jumamosi uketi benchi la mbele, mahali ambapo naweza kuona uso wako. Nikifika nyumba ya Njoka nitasoma mimi, mama yako, Mutembei, wewe, halafu nitainua macho nikutazame, ndipo nimwite yeye. Kama sikulitamka vizuri, utikise kichwa, nitalirudia.

Baba yako,
Njoka